Dakika Ishirini za Filister

Filister alikuwa mtu wa kuchosha. Naanza na hilo kwa sababu siku hizi watu wa Gatwekera, mtaa wetu wa Kibera, wakisimulia habari zake wanampaka asali, na wanaoongoza ni wale wale waliokuwa wakimkwepa njiani. Mimi pia nilimkwepa. Naitwa Kavoi, fundi viatu, na kibanda changu kilikuwa hatua kumi kutoka meza yake ya omena, wale dagaa wa ziwani, kwa hiyo nilimsikia kila siku ya Mungu kwa miaka sita. Ukinunua omena kwake, alikufundisha namna ya kuziosha. Ukimpa mkono, aliutazama mkono kwanza, uso baadaye. Alikuwa mjane kutoka pande za ziwani, mrefu, mkavu, na sauti yake ilishazoea kushindana na treni.

Alikuwa na mtoto mmoja aliyebaki, Okello. Wengine wawili aliwazika nyumbani wakiwa wadogo na hakupenda kuulizwa habari zao. Okello alifanya kazi ya mjengo mjini mpaka mwaka wa 1997 alipoanza kukohoa, na mwezi wa Juni wenzake wakamleta kwa mama yake wakimshika huku na huku kwapani. Ilikuwa TB. Watu walinong'ona kwamba nyuma yake kuna ule ugonjwa mwingine, kwa sababu miaka ile hukuweza kukonda Kibera bila kunong'onwa. Filister aliwasikia. Akasimama pale pale sokoni na kijiko chake cha kupimia omena mkononi.

"Kama uko, uko," akasema. "Ya kifua ina dawa. Mimi naanza na yenye dawa. Na nyinyi mnanong'ona, mmenawa?"

Dawa yenyewe ilikuwa vidonge vya miezi minane. Ukikatiza katikati, ugonjwa unarudi na vidonge vile vile haviwezi kitu tena. Zahanati ya serikali ilikuwa na siku zake za kuwa na vidonge na siku nyingi zaidi za kukwambia urudi wiki ijayo. Mahali pa hakika palikuwa mahali pamoja tu. Kanisa lilikuwa na mpango wa kuhudumia wagonjwa majumbani, sisi tuliuita Mradi, na Mradi ulikuletea vidonge mpaka kitandani kila wiki bila kukosa. Sharti lilikuwa nyumba yako iwe kwenye orodha. Nyumba kumi na tisa za Gatwekera zilikuwa kwenye orodha, yake ikiwemo na yangu ikiwemo. Mke wangu Syokau alikuwa amelala tangu mwaka uliotangulia, na yeye alikuwa na ule ugonjwa mwingine. Nasema wazi kwa kuwa sasa haumwaibishi tena.

Ili ubaki kwenye orodha ilibidi ufunzwe kila mwaka. Tulifunzwa siku tatu katika ukumbi wa kanisa, na chakula cha mchana. Wengi wetu tulienda kwa ajili ya chakula cha mchana. Filister alienda kusoma. Alikaa mbele, hakuandika neno kwa sababu kuandika kwake kulikuwa kwa shida, lakini jioni alikuwa nayo yote kichwani kama sala: maji yachemke kwanza ndipo uhesabu, glovu huvaliwa hivi na huvuliwa hivi, uchafu wa mgonjwa unamwagiwa jiki, ile dawa kali ya kung'arisha nguo na kuua vijidudu, na kuachwa dakika ishirini kabla hujausugua. Dakika ishirini! Aliimba hiyo dakika ishirini mpaka ikawa mzaha. Mtu akichelewa na chenji unasikia, "Unangoja dakika ishirini za Filister?" Mzaha huo niliuanzisha mimi.

Na ni haki niseme ya kwamba Okello alipona mbele ya macho yetu. Mwezi wa Juni alikuwa mifupa iliyofunikwa blanketi. Mwezi wa Septemba akaanza kukaa. Mwezi wa Novemba alitembea mwenyewe mpaka choo cha ploti, mama yake akimfuata nyuma kwa hatua tatu, akijifanya amefuata mambo yake mengine. Katika nyumba kumi na tisa, ni yeye peke yake aliyekuwa akienda mbele. Wengine wote, mke wangu akiwemo, tulikuwa tukiwasindikiza tu.

Sasa nije kwa ukaguzi.

Kila mwezi nyumba ilikaguliwa. Mkaguzi wetu alikuwa Sista Celine, muuguzi aliyestaafu, mfupi, mcheshi, akiishi Kawangware pale kituo cha 56. Alikuja na fomu ya kijani yenye vitu kumi. Kadi ya dawa ipo? Ndoo yenye kifuniko ipo? Glovu zipo? Chupa ya jiki ipo? Makintoshi ipo, ule mpira mwekundu unaotandikwa chini ya mgonjwa? Ukikosa kitu, nyumba imeanguka. Ukianguka mara mbili unatolewa kwenye orodha, na vidonge vinatoka na wewe.

Makintoshi zilizoletwa zilikuwa tatu kwa nyumba kumi na tisa. Nyingine, tuliambiwa, ziko njiani. Zilikuwa njiani kwa mwaka mzima na zaidi, na katika muda huo mbili kati ya zile tatu zikararuka. Ikabaki moja. Jiki nayo ilikuja chupa moja. Ofisi iliyochapisha fomu haikuwa ile iliyonunua vitu, na sidhani kama wenye ofisi hizo mbili walipata kunywa chai pamoja hata siku moja.

Sista Celine hakuwa mtu mbaya. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo, maana ningependa awe mbaya. Angeamua kufuata fomu, nyumba kumi na nane zingeanguka mwezi wa kwanza. Kwa hiyo akatufundisha njia. Yeye anaingia nyumba ya kwanza, anakagua, anaandika. Akimaliza anakaa kunywa chai, anauliza habari za watoto, anacheka. Wakati anacheka, mtu anachukua makintoshi na chupa ya jiki mlango wa nyuma na kukimbia navyo nyumba ya pili. Mtu huyo nilikuwa mimi, kwa sababu fundi viatu akipita na sanduku lake hakuna anayemuuliza limebeba nini. Nyumba kumi na tisa zilipita kila mwezi kwa mpira mmoja na chupa moja. Tulimpenda Sista Celine kama mama. Makao makuu walimpa cheti.

Filister ndiye aliyeharibu. Mwezi wa Septemba nyumba yake ilikaguliwa mara ya kwanza, na nilipofika na sanduku langu, alinizuia mlangoni.

"Hiyo si yangu," akasema.

"Mama Okello, ni ya dakika tano tu."

"Si yangu. Peleka."

Sista Celine akaingia na fomu yake. "Makintoshi?"

"Sina."

"Hebu angalia vizuri, mama."

"Nyumba ni futi kumi kwa kumi, Sista. Nimeangalia. Andika sina. Msipoandika kwamba hatuna, watajuaje walete?"

Nilitaka kumpiga na soli. Sista alimbembeleza, akamwambia tumeelewana hapa, usituletee shida. Hakutaka. Sista akaandika hana, na baada ya wiki mbili jibu likaja kutoka makao makuu. Halikuwa makintoshi. Ilikuwa barua: nyumba hii imeanguka mara ya kwanza kwa kukosa vifaa vya usalama, ikianguka tena, huduma itasimamishwa. Okello alimsomea. Nilikuwepo, nikishona kandambili yake. Filister aliichukua akaibandika ukutani. Kisha akaniuliza, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kumsikia nayo, "Fundi, lile sanduku lako linapita hapa siku gani?"

Nilicheka. Nilifurahi, kusema kweli. Hakuna kitu kitamu kama kumwona mtu mnyoofu akipinda.

Oktoba na Novemba hapakuwa na ukaguzi. Mvua ya Elnino ilikuwa imeshuka, mto umekula nyumba za chini, njia zimekuwa uji. Mifereji, yale mabomba ya maji ya kunywa, ilipasuka ndani ya mitaro na maji tuliyochota yakawa na rangi. Kuhara kukaanza huku na huku, na watu wakalitaja kwa siri lile jina, kolera, kana kwamba ukilitamka kwa sauti litageuka likuangalie.

Na katika miezi hiyo miwili mimi niliimaliza jiki.

Chupa ilikaa kwangu kwa kuwa mimi ndiye mbebaji. Syokau wakati huo alikuwa anachafua shuka mara nne, mara tano kwa siku, na kwa mvua ile hazikauki, na harufu ile haikutoka kwa sabuni. Nilitumia kidogo, nikatumia nusu, nikatumia karibu yote. Vilipobaki vifuniko viwili nikajaza maji ya mfereji mpaka shingoni, nikafunga, nikaitikisa. Ilinuka vya kutosha. Fomu iliuliza kama chupa ipo, haikuuliza ina nini. Nilijiambia hakuna anayeitumia, ni ya kuonyesha tu. Na ilikuwa kweli, kwa watu kumi na wanane.

Desemba Sista Celine akaja na mgeni. Aliitwa bwana Gichuru, wa makao makuu, amevaa gambuti mpya, na katika mkoba wake kulikuwa na uamuzi tayari: nyumba isiyokaguliwa miezi mitatu mfululizo inafutwa. Kwa hiyo siku hiyo ilibidi zote kumi na tisa zipite, mvua au jua. Ya mwisho kabisa katika mzunguko ilikuwa ya Filister, na kabla yake kulikuwa na ya mzee Khamala.

Khamala alikuwa mlinzi zamani, kisha akapooza upande mmoja. Nilipofika kuchukua makintoshi nilisimama mlangoni nikashindwa kuingia. Mzee alikuwa ameanza kuhara alfajiri, na kilichomtoka kilikuwa maji meupe kama maji uliyooshea mchele. Mkewe alikuwa akiupangusa mpira kwa kanga, akilia bila sauti. Sista Celine alikuwa amesimama hapo na fomu. Gichuru alikuwa nje bado, akikwangua tope kwenye viatu.

Sista alijua. Nilimwona akijua. Sheria ya kwanza tuliyofunzwa ilikuwa kwamba nyumba yenye kuhara kwa namna ile inaripotiwa saa hiyo hiyo, na ukaguzi wote unasimama, na hakuna kitu kinachotoka mle. Lakini akiripoti, ukaguzi unasimama, na ukisimama, nyumba iliyobaki, ya Filister, inafutwa. Alimwambia mke wa Khamala amfunike mzee na kusema amelala. Akaweka alama zote kumi bila kumngoja mgeni aingie. Akaniangalia.

"Fundi," akasema polepole, "pitisha. Mimi nitamkalisha mgeni hapo kwa jirani, wametengeneza chai."

Nikaukunja ule mpira ukiwa bado na unyevu, nikauweka chini ya visoli na nyundo, nikakimbia.

Okello alikuwa ameketi kitandani amevaa shati safi. "Niaje, fundi," akanitania. "Ati leo natandikiwa mpira kama mtoto mchanga? Na mimi si nafika choo mwenyewe siku hizi?"

"Utalala hapo," mama yake akasema. "Fomu haijui kama unafika choo."

Nikafungua sanduku. Filister alivaa glovu zake, zile alizokuwa akizifua na kuzianika kama nguo, akaufunua mpira kidogo. Akanusa. Akaniangalia.

"Imetoka kwa nani?"

"Kwa Khamala."

"Anahara?"

"Kidogo tu."

"Kidogo gani? Fundi, kidogo gani?"

Alitazama mlango, akamtazama kijana wake, akatazama ile barua aliyoibandika ukutani ili asiisahau. Ningemwambia aache, angeacha? Sijui. Sikumwambia. Aliubeba mpira mpaka nyuma ya nyumba, chini ya mabati yanayovuja, akauweka ndani ya karai.

"Lete jiki."

Hapo ndipo nilipokuwa na nafasi yangu. Hakuna aliyetusikia, mvua ilikuwa ikipiga mabati. Sista na mgeni wake walikuwa wanakunywa chai nyumba mbili juu. Ningesema, mama, hii ni maji, hata maji mabaya, chemsha ya kwako uikoshee hiyo. Alikuwa na makaa. Alikuwa na sufuria. Alikuwa na muda. Maneno kumi, kumi na mawili.

Alifungua kifuniko akanusa. "Harufu yake imelegea."

"Una mafua wewe," nikasema. Kweli alikuwa na mafua, mvua ile ilikuwa imempa kila mtu mafua.

"Fundi, hii ni jiki tupu? Haijachanganywa?"

"Ni jiki, mama. Hakuna aliyeigusa."

Mnajua kwa nini nilisema hivyo? Natamani ningesema ni kwa ajili ya zile nyumba kumi na tisa. Siyo. Niliogopa mdomo wake. Niliogopa angenigombeza mbele ya Okello, na kesho sokoni, na kesho kutwa, kwamba fundi Kavoi ameimaliza jiki ya watu kwa shuka za mke wake. Ni hilo tu. Nilikuwa mtu mzima wa miaka arobaini na mmoja na niliogopa kugombezwa na muuza omena.

Aliamini. Akamwaga chupa nzima juu ya ule mpira, hakubakiza hata tone, akaugeuza upande huu na upande huu mpaka ukalowa wote. Kisha akavua glovu, akaingia ndani akavua saa ya Okello mkononi mwa kijana, akanipa mimi.

"Yangu macho hayaoni hiyo mishale midogo. Shika wewe. Dakika ishirini, fundi, usinipunjie hata moja."

Nikashika saa. Filister akachutama kando ya karai, akingoja kwa utulivu kabisa, midomo ikitembea. Nadhani alikuwa akiomba. Nilimwambia muda umetimia zilipofika ishirini na mbili. Niliongeza mbili kwa woga, nikijua hazisaidii kitu. Akausuuza mpira kwa maji aliyoyachemsha mwenyewe, akaukung'uta, akautandika. Shuka yake moja ilikuwa mbichi kwenye kamba kwa siku ya tatu, kwa hiyo Okello alilala juu ya mpira hivyo hivyo.

Gichuru akaingia. Akaona kila kitu. Akamwuliza Filister maswali, na Filister akayajibu yote kumi, na lile la dakika ishirini akalijibu mara mbili. Mgeni alifurahi mpaka akamgeukia Sista Celine akasema katika nyumba zote za siku hiyo huyu ndiye mhudumu. Aliandika kumi juu ya kumi akatia sahihi yake mwenyewe. Kisha akaupapasa ule mpira akasema, "Huu usitoke hapa, mama. Mgonjwa alale juu yake kila usiku, umesikia?"

"Ndiyo, bwana," Filister akasema. Alikuwa anang'aa. Kwa kuwa yake ilikuwa nyumba ya mwisho, na mkubwa ameamuru, mpira ulibaki, na Okello alilala juu yake usiku huo na uliofuata, shavu na mikono juu yake.

Mzee Khamala alikufa Jumatano. Alhamisi alfajiri nilisikia Filister akiita.

Sitaki kuyaeleza yote. Kijana yule alikuwa amerudisha mashavu, na kwa saa sita mashavu yakaondoka tena. Mama yake alifanya kila kitu tulichofunzwa. Alichemsha maji, akapima chumvi kwa kijiko kilichosawazishwa kwa kisu, akapima sukari, akamnywesha kidogo kidogo, akitapika anangoja, anaanza tena. Hakulia. Aliniambia tu, bila kunitazama, "Tafuta watu." Tukapata wanaume wanne na blanketi. Njia ya kwenda barabarani ilikuwa tope mpaka magotini, na mahali pa kuvukia mtaro palikuwa pamekwenda na maji, ikabidi tuzunguke. Okello aliuliza mara moja kama amechafua blanketi la watu. Alikufa kabla hatujaifikia reli. Tulijua kwa uzito wake. Filister aliendelea kutembea mbele, akiwaambia watu watupishe njia, na kati yetu wanne hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kumwita.

Vidonge vya Okello vya wiki hiyo vilikuja Ijumaa kama kawaida.

Baada ya mazishi ya Khamala, na kabla Filister hajamsafirisha Okello kwao, tuliitwa ukumbini. Vifo viwili kwa kolera ndani ya Mradi mmoja, ilibidi mtu aeleze. Gichuru hakuja, alituma karatasi. Sista Celine aliisoma akiwa ameinamisha kichwa. Karatasi ilisema kwamba nyumba zote kumi na tisa zilikaguliwa na kukutwa na vifaa kamili, kwa hiyo kosa haliwezi kuwa la vifaa wala la ukaguzi. Nyumba ya Opondo, yaani ya marehemu mumewe Filister, ilipata kumi juu ya kumi siku mbili kabla ya ugonjwa. Vifaa vikiwepo na mgonjwa akafa, basi ni uzembe wa mhudumu katika kuvitumia. Wahudumu wote watakumbushwa umuhimu wa usafi.

Nilimtazama Sista. Hakunitazama. Mke wa Khamala alitazama sakafu. Watu kumi na wanane katika ukumbi ule walijua habari za sanduku langu, na kila mmoja alikuwa na mgonjwa nyumbani anayengoja vidonge vya Ijumaa.

Filister akasimama. Nilidhani sasa atatumaliza, na nakuapia, sehemu fulani ya roho yangu ilitaka atumalize. Lakini hakuwa na hasira. Alitaka kusaidiwa. Alisimama pale na leso yake nyeusi akatusomea kazi yake yote toka mwanzo, glovu, karai, jiki tupu chupa nzima, dakika ishirini, maji ya kuchemsha. Kisha akauliza, "Nilikosea wapi? Mtu aniambie. Nataka tu kujua wapi."

Sista Celine alifunga kwa maombi.

Jioni hiyo alikuja kibandani. Gari la kupeleka mwili lilikuwa linaondoka asubuhi, na alikuwa amekwisha gawa vyombo vyake, kwa maana hakukusudia kurudi. Alikaa kwenye kigoda cha wateja. Nilikuwa na kiatu cha mtu magotini nikaendelea kukishona ili mikono iwe na kazi.

"Fundi," akasema, "nimepitia yote. Usiku kucha napitia. Kila kitu nilikifanya mwenyewe na najua nilivyokifanya. Kitu kimoja tu sikukiona kwa macho yangu. Saa ilikuwa kwako."

"Ndiyo, mama."

"Wageni walikuwa karibu. Ulikuwa na haraka, mimi pia nilikuwa na haraka. Sikulaumu. Lakini niambie. Zilikuwa dakika ngapi?"

Nikiwaambia nilifikiri kwanza, nitakuwa nimewadanganya. Kinywa kilijibu chenyewe. Niliona mlango umefunguliwa na nikaupitia, kama nilivyopita milango ya nyuma ya watu mwaka mzima na zaidi na sanduku langu.

"Kumi na tano, mama," nikasema. "Labda kumi na sita. Ulisema inatosha."

Aliyakubali maneno hayo taratibu, na nikaona kabisa akikumbuka kitu ambacho hakikutokea, akikumbuka amesema inatosha.

"Ndiyo," akasema. "Nilikuwa na haraka na ile fomu."

Kisha akainuka, akanishika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili, bila kuutazama kwanza, akanishukuru kwamba katika watu wote wa Gatwekera ni mimi peke yangu niliyemwambia ukweli.